Barua ya Gathoni wa Kamenu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Ijumaa moja ya mwaka 1955, mfuko wa posta ulikutwa umepasuliwa katika stoo ya stesheni ya Thika, kwenye reli inayopita Ruiru kwenda Nanyuki. Koplo Barasa wa polisi wa reli alilinganisha barua za rejista na orodha yake. Moja haikuwepo: ya Gathoni wa Kamenu.

Hamali Nzioka alikuwa ameshakamatwa, eti ana kisu. Haraka haraka haina baraka. Mwizi alichagua barua moja kati ya ishirini, basi alijua kusoma, na Nzioka hata mshahara huupokea kwa kidole gumba. Barasa akamwachilia.

Gathoni alikuwa ameketi jukwaani akizitazama reli, kama kila Ijumaa. Mumewe, Kang'ethe, alikuwa kizuizini mwaka wa pili. Barasa naye alimwacha mkewe Nekoye Bungoma, na kule kuzitazama reli alikujua vizuri mno. Akamuuliza kama aliwahi kupata barua nyingine.

Aliipata, miezi miwili iliyopita. Nicanor, karani wa stesheni, humsomea kila wiki: Kang'ethe mzima, anamsalimu, atarudi. Akaifungua kutoka kwenye leso. Barasa alisoma kimoyomoyo. Ilitoka serikalini. Kang'ethe alikufa kwa homa tarehe tatu Februari. Barua ya pili ingefuata kuhusu nguo zake.

Barasa aliingia ofisini kwa karani.

“Ulijua ya pili inakuja,” alisema.

Nicanor aliitoa bahasha mezani bila ubishi. “Niliogopa angesomewa na mtu mwingine. Ile ya kwanza alikuja nayo akicheka, Koplo. Ulimi ulikataa. Halafu nikaanza kuingoja Ijumaa. Zile salamu zote zilikuwa zangu.”

Barasa alimfunga pingu. Alipogeuka, Gathoni alikuwa mlangoni.

“Mimi sijui kusoma, lakini si mjinga,” alisema. “Maandishi hayabadiliki. Hii barua kila Ijumaa ilikuwa na habari mpya.”

“Sasa mbona ulikuwa unarudi?” Nicanor aliuliza.

“Hapa tu ndipo mume wangu alikuwa bado yuko hai.”

Akamnyooshea ile karatasi ya kwanza. “Nisomee, karani. Leo nisomee vile imeandikwa.”

Nicanor aliishika kwa mikono yote miwili, akaanza na tarehe.