Feza na Miwani ya Marehemu

Feza bado anapika ugali wa watu wawili. Asubuhi kiporo anawapa kuku wa jirani. Kuku wamenenepa kuliko yeye.

Mume wake, Sylvestre, alifariki mwaka jana. Binti yao, Eliane, ameolewa Bukavu. Nyumba ya mtaa wa Songo, hapa Uvira, imekuwa kubwa mno, na jioni ndiyo mbaya zaidi.

Feza ana miaka arobaini na minne. Ana diplome, cheti cha kumaliza sekondari, aliyoipata kabla ya kuolewa. Sasa anataka kuomba nafasi katika shule ya kupima macho. Kuna konkuru, yaani mtihani wa kuingia, kwa hiyo kila jioni anajisomea.

Anasoma na miwani ya Sylvestre. Baada ya matanga, ndugu waligawana nguo za marehemu. Feza aliomba miwani tu. Akiivaa, upweke unapungua kidogo. Lakini herufi zinacheza na kichwa kinamuuma. Leo amefunga kitabu. Ameamua kuacha.

Nicole aliingia kuomba kaa la moto. Ni jirani yake, na ni muuguzi wa macho hospitalini. Alimkuta Feza ameshika kichwa.

"Mama Eliane, weye iko mugonjwa?"

"Hapana, miye nimezeeka. Nikisoma, kichwa inauma. Shule iko ya batoto."

Nicole aliokota miwani mezani.

"Hii lineti iko ya nani?"

"Ya marehemu bwana yangu."

Nicole hakucheka. Aliketi.

"Lineti haiko shamba, mama, eti muntu anakufa, mwingine anakamata. Hii walipima ku macho yake. Macho yako iko ingine."

"Basi macho yangu imekufa?"

"Hapana! Kisha kupitisha miaka makumi ine, karibu bantu bote banashindwa kusoma maandiko ya karibu. Haiko akili. Kesho kuja ku hospitali, nikupime."

"Na hii miaka yangu?"

"Siku ile uliniambia, niliuliza ku ile shule. Banaomba diplome na konkuru. Habaombe nywele nyeusi."

Kesho yake Feza alipimwa. Alipata miwani yake mwenyewe, na herufi zikatulia. Ile ya Sylvestre aliifunga katika kitambaa, akaiweka sandukuni. Kisha akapeleka dosie yake ya maombi shuleni, akafanya konkuru katikati ya vijana waliomwita mama.

Jibu lilikuja kwa simu. Feza alisoma ujumbe mwenyewe: amekubaliwa. Alichukua picha ndogo ya Sylvestre, akaitazama kwa karibu. Mwaka mzima aliiona kama ukungu. Sasa aliliona hata lile kovu la kidevuni.

"Baba Eliane, bamenikubali," alisema.

Feza alilia sana.

Halafu alinawa uso, akasonga ugali wa watu wawili, akakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, akabeba vyote kwa Nicole.

Asubuhi iliyofuata kuku walingoja kiporo bure.