Kisima Chini ya Ofisi ya Ukaguzi

Asubuhi hiyo sakafu ya ukumbi ilikuwa imelowa, na mjini Butembo mvua ilikuwa haijanyesha tangu Jumapili. Kavuo, karani wa ofisi, alisimama mlangoni akinusa. Harufu ya udongo mbichi, ule wa kuchimbwa chini sana, ilikuwa imejaa nyumba nzima.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani. Wabelgiji waliijenga kwa matofali ya kuchoma, juu ya kilima chenye mikaratusi. Baadaye wanajeshi waliikalia, kisha ikawa gofu, mpaka serikali ilipoikabidhi kwa ofisi ya ukaguzi wa hesabu zake. Mwaka huu ilitangazwa kuwa jengo la urithi, na mafundi wakatumwa kuitengeneza. Siku hiyo walipong'oa vigae vya ukumbi walikuta bamba la jiwe. Wakaliinua. Chini yake kulikuwa na kisima, maji meusi yamefika karibu na mdomo. Wazee wa mtaa walisema maji hayo yalikuwapo kabla ya nyumba, na kwamba mzungu aliyafunika siku alipomkuta mke wake amepiga magoti akiongea nayo.

Kesho yake mafundi hawakurudi. Apollinaire, mkuu wa ofisi, akakifunika kisima kwa mbao.

"Kavuo, uliniita?" alimuuliza mchana, kichwa kikichungulia mlangoni.

"Hapana, chef. Miye sikuita mutu."

Apollinaire aliingia, akafunga mlango taratibu. "Basi usiambie batu," alinong'ona. "Ile sauti iliyoniita ni ya mama. Na mama tulimuzika kule Kirumba."

Kavuo hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka Beni baada ya mdogo wake, Katungu, kwenda shambani asubuhi moja na kutorudi. Walitafuta wiki nzima. Hawakupata hata kitenge chake.

Siku ya Ijumaa ukungu ulishuka mapema, umeme ukakatika, wafanyakazi wakaondoka mmoja mmoja. Kavuo alikuwa akivaa koti lake aliposikia mbao zikiburuzwa ukumbini. Kisha sauti.

"Yaya."

Ndivyo wadogo wa kwao walivyomwita dada mkubwa.

"Yaya Kavuo, niko hapa. Baridi iko mingi."

Ilikuwa sauti ya Katungu, na kile kikohozi chake kidogo, na Kavuo akajikuta anatembea kwenye korido bila kujua ameanza lini, mkono ukipapasa ukuta uliotoka jasho kama mwili wa mgonjwa, harufu ya udongo ikimkaba koo, midomo yake tayari imefunguka ili ajibu, mpaka alipofika ukumbini na kumwona Apollinaire amelala kifudifudi kando ya kisima, mkono wake wa kulia umezama mpaka begani, akitabasamu na kusema, "Ndiyo mama, ndiyo, nakuja," huku kitu kisichoonekana kikimvuta polepole, na tai yake ikielea juu ya maji.

Kavuo alimshika miguu.

"Hapana, yaya!" Sauti ya Katungu ililia kutoka chini. "Muache! Ukimuvuta yeye, miye nitabaki huku. Mara ya pili utaniacha?"

Kavuo aliuma ulimi asije akajibu, mpaka akaonja damu. Machozi yakimtiririka, neno hata moja hakutoa. Alivuta. Kisima nacho kilivuta, kisha kikaachia ghafla, wote wawili wakaanguka nyuma. Chini ya maji mtu alicheka, na hakuwa Katungu.

Jumamosi alikuja Mama Abigaïl, mwombezi wa kanisa la mtaani, pamoja na wanawake watatu. Waliomba tangu asubuhi mpaka sauti zikawakauka, kisha wanaume wakarudisha bamba na kulimwagia sementi.

"Nani alikijibu kisima?" Mama Abigaïl aliuliza.

"Miye hapana," Kavuo alisema. "Nililia tu."

Wote wakamgeukia Apollinaire. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, na bado kimya. Jioni hiyo hospitali wangempima koo, wasione kidonda.

Mama Abigaïl aliichukua Biblia yake haraka. "Tumefunga mulango," alisema bila kumtazama mtu. "Lakini kile alichokipa kisima, hakijarudi."

Jumatatu Kavuo na Apollinaire walikuwa wamekaa ofisini, mlango wazi. Msichana mpya, Keren, aliyetoka Lubero, alikuwa ameanza kazi asubuhi hiyo katika chumba cha pili. Hakuna aliyemwambia lolote; wangeanzia wapi?

"Keren!" mtu aliita ukumbini, kwa sauti nzito ya kirafiki. "Kuja kidogo hapa, mutoto wangu."

Ilikuwa sauti ya Apollinaire. Naye alikuwa mbele ya Kavuo, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

Kavuo aliruka kutoka kitini. Kabla hajafika mlangoni, alisikia kiti kikisogezwa chumba cha pili, na sauti changamfu ikaitika:

"Ndiyo, chef! Nakuja!"