Bibi Asiye na Jina Kwenye Gemu

Fransiska alitoka kununua maziwa tu, nusu lita, ya mtu mmoja. Mwenye duka pale Usa River hakumuuliza kama anaongeza kitu, maana alishamzoea. Wingu lilikuwa limeufunika Mlima Meru na manyunyu yalikuwa yameanza. Chumbani kulikuwa na viti viwili. Kimoja kilijaa nguo zilizofuliwa, tangu lini hata mwenyewe hakumbuki. Akaketi kwenye kile kingine, akawasha kompyuta.

Usimcheke. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mpanga maua hodari kuliko wote kwenye shamba la maua alikoajiriwa, na kila jioni anacheza gemu. Ilikuwa gemu ya maisha: unajenga nyumba, unaumba watu, kisha ukipenda unawaacha wajiendeshe wenyewe. Wanapika, wananuna, wanatembeleana bila kuambiwa. Fransiska alikuwa ameumba watu wawili tu, yeye mwenyewe na dada yake Agnela, nyumba zikitazamana. Akawaachia uhuru wao. Kazi yake ikawa kuwatazama wakigongeana milango, huku yeye anakunywa chai peke yake.

Maana huku duniani walikuwa hawaongei. Mama yao alipougua kifua kule Kibosho, Agnela alimficha mdogo wake habari. Fransiska alifika nyumbani kaburi limeshafukiwa.

"Mama mwenyewe alikataza. Alisema usisumbuliwe kazini," Agnela alijitetea.

Fransiska hakuamini hata neno moja.

Kisha, kabla ya Krismasi, Sinyati, mlinzi wa geti la shamba la maua, alimkabidhi jani refu la kijani. "Kuna bibi kaleta. Kajifunika kitenge mpaka puani. Kasema linatoka kwa dada yako."

Isale. Kwa Wachaga, ukiletewa jani hilo umeombwa msamaha, na hulikatai. Fransiska hakulikataa. Lakini hakulipokea pia. Alilitupa juu ya kabati, akajiambia atapiga simu kesho. Krismasi hakwenda nyumbani, na miezi minane ikapita.

Jioni hii, kwenye kioo cha kompyuta, palikuwa na mtu wa tatu.

Gemu huwa inaleta wapita njia, hilo alilijua. Lakini kila mpita njia ana jina lake ukimbonyeza. Huyu alikuwa bibi aliyejitanda kitenge, kageuza mgongo. Fransiska akambonyeza. Kisanduku cha jina kikafunguka kitupu.

Mkononi bibi alishika jani.

Alikwenda kwa Agnela, akagonga. Agnela wa kwenye gemu aliacha sufuria jikoni, akaja kusimama nyuma ya mlango, asifungue. Bibi akangoja... akavuka njia... akagonga kwa Fransiska. Fransiska wa kwenye gemu naye akaja, akasimama nyuma ya mlango, kichwa chini. Fransiska akamwamuru afungue. Hakusikia. Akamwamuru tena. Watu wake walikuwa wamejifunza kiburi, na hakuwa na haja ya kuuliza walijifunza kwa nani.

Watu wa gemu ile huongea maneno yasiyo na maana. Bibi akakohoa, kikohozi kikavu, mara tatu. Kisha akanong'ona.

"Siska... nifungulie."

Jina hilo alikuwa akilitumia mama peke yake.

Fransiska alifunika kompyuta kwa nguvu na kuchomoa waya. Akapanda kitandani, akapapasa juu ya kabati. Vumbi... vumbi... kisha kitu chenye majimaji. Mpanga maua anajua jani lililokatwa linaishi siku ngapi, hata kwenye chumba cha baridi. Hili lilikuwa bichi, na lilikuwa limelowa mvua.

Akampigia Agnela simu.

"Dada... shikamoo."

"Marahaba."

"Nimelipokea isale lako. Nisamehe, nimechelewa."

"Langu?" Sauti ya Agnela ilishuka. "Si wewe uliyenitumia mimi? Kuna bibi alimwachia jirani, kabla ya Krismasi. Nimeliweka kabatini, kila siku nasema nitakupigia kesho."

"Limekauka?"

Upande wa pili wa simu, mlango wa kabati ukalia ukifunguliwa.

"Halijakauka."

Fransiska akakaa chini sakafuni na kulia, na kule Kibosho dada yake akalia naye. Fransiska alikuwa amemkumbuka kuliko alivyowahi kukiri, hata kwa nafsi yake.

"Mama alikataza kweli, mdogo wangu."

"Nakuamini. Njoo kesho, dada."

"Nakuja na basi la kwanza."

Hapo kikohozi kikasikika. Kikavu. Mara tatu.

"Fransiska," Agnela alinong'ona, "nani huyo anakohoa hapo kwako?"

"Mimi nilidhani ni kwako."

Kompyuta ilikuwa imefunikwa, waya umelala sakafuni. Chumba kilianza kunuka moshi wa kuni na udongo uliochimbwa sasa hivi. Fransiska hakugeuka. Aliogopa sana, lakini aliogopa zaidi kwamba akigeuka hatakuta mtu. Taratibu akanyoosha mkono, akaanza kuondoa nguo kwenye kile kiti cha pili.