Chumba cha Ghorofa ya Nane Chini

Walikutana mlangoni mwa lifti, zamu zikipishana na watu wakisukumana. Mchimbaji alimkanyaga dobi kandambili, ikakatika.

"Samahani, dada."

"Samahani haivaliki."

Kesho yake akamletea mpya, nyekundu. Baada ya miezi mitano walikuwa wakiitana mpenzi, wote wawili wamechoka, wote wawili na mikono iliyokauka.

Mji ule ulikuwa umeacha kujenga kwenda juu; sasa ulichimba. Maduka chini ya barabara, ofisi chini ya maduka, na vyumba vya wafanyakazi chini kabisa. Mchimbaji alipogawiwa kimoja alipiga simu.

"Mpenzi, nimepata chumba. Maji humo humo, taa saa zote. Tuoane tuhamie."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya nane."

"Nguo za watu nitaanika wapi, baba?"

"Kuna feni."

"Feni si jua. Mimi huko siji, sijafa bado."

Mchimbaji akaona amekataliwa yeye, si chumba. Akakata simu. Siku tisa, kimya.

Asubuhi ya kumi dobi alipeleka ovaroli alizofua kazini kwa wachimbaji. Pale getini kila anayeshuka hutundika kibati chenye namba yake, akipanda, hukichukua. Zamu ya usiku ilishatoka, watu wametawanyika. Namba arobaini na moja bado ilining'inia. Ilikuwa ya mchimbaji wake.

Akapiga simu, imezimwa. Msimamizi akaita chini kwa redio; hakuna aliyemwona. Watu wakashuka na tochi. Dobi akakaa kwenye mawe, jua la saa nne likimchoma utosi, gauni limeganda mgongoni. Jua lake hilo hilo. Halikumsaidia kitu.

Baada ya saa mbili mchimbaji akatokea upande wa barabarani, mikunjo ya shuka imemchora shavuni.

"Wenzangu wamekuja kunigongea mlango. Nilisahau kibati. Nilichoka, nikaenda kulala."

"Mjinga wewe."

"Najua."

"Nilijua umefukiwa."

Akakaa kando yake. "Chumba nitakirudisha."

"Usikirudishe. Mchana nitakuwa juu na nguo zangu. Jioni nitashuka."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Watume wazee wako kwa mama Jumapili. Wewe baki nyumbani, usije ukasinzia mbele za watu."