Kifuniko cha Konrodi ya Tatu

Saa mbili na nusu asubuhi fundi mzee aligundua kuwa injini yake imeibiwa kipande kimoja tu: kifuniko cha konrodi ya tatu, chuma cha kuenea kiganjani, kinachofunga mkono wa pistoni kwa chini. Gari lilikuwa la zamani, limepandishwa juu ya stendi, na injini ilifumuliwa humohumo ndani, maana mzee aliapa haitang'olewa. Upande wa juu alifanya yeye, ameketi kwenye stuli. Kazi ya chini aliifanya binti yake, amelala chali.

"Mwizi wa ajabu," alisema inspekta aliyeitwa kuchunguza, akitoka uvunguni na vumbi kichwani. "Spana za maana kaziacha."

"Na hicho hakifai gari lingine lolote, mwanangu," mzee alisema. "Kila kifuniko na konrodi yake. Hata cha injini pacha hakikai."

Inspekta alimwendea kwanza fundi jirani, aliyelimezea mate gari hilo miaka mingi. Jirani akajipigapiga tumbo. "Afande, nafasi ya kule chini umeiona? Kitambi hiki kingepitia wapi?"

Hilo halikuhitaji shahidi. Inspekta akarudi, akalala chali tena na tochi. Bolti mbili za kifuniko zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake, zimeshikizwa kwa vidole zisipotee. Mwizi gani ana adabu hiyo?

"Mzee, nani hurudisha bolti namna hii?"

"Mimi, na niliyemfundisha..." Wote wawili wakamtazama binti, aliyekuwa akisugua beseni lililokwisha takata zamani.

"Dada," inspekta alisema kwa upole, "kwa nini?"

"Daktari alimpa Baba miezi miwili ya kuishi. Huu wa tano. Kila asubuhi anaamka kwa ajili ya injini hii, na kila siku anasema, ikiwaka tu, nitapumzika. Sasa mimi nimsaidie kumaliza?"

Akakitoa kifuniko mfukoni, kimeviringishwa kwenye kitambaa chenye oili. Inspekta akafunga daftari. Alikuwa amemzika baba yake mwaka uleule.

Mzee akamgeukia binti yake. "Kifo hakingojei konrodi, mama. Kitakuja hata ukizificha zote. Ila nikienda sijaisikia ikinguruma, hapo ndipo utakuwa umeniibia."

Binti akalala chali na kifuniko mkononi, akajisukuma chini ya gari. Wakamsikia analia bila kujizuia, kisha akauliza, "Nikaze mpaka wapi, Baba?" Jambo hilo alilijua tangu ana miaka kumi na miwili, na baba yake akaanza kumweleza toka mwanzo, polepole.