Siku Nne za Gharnata

"Hicho usichukue," Redwan alisema huku akichagua zeituni kwenye sahani. "Chumba cha kule juu mlimani, mtaa wa Albaicín, utakijutia. Kengele za lile kanisa zinaanza jua halijatoka, na zile ngazi mvua ikinyesha zinateleza kama zimepakwa sabuni. Bora tukae bondeni, karibu na mto."

Batul alikuwa ameinamia simu akilinganisha picha za vyumba. Akacheka.

"Wewe nawe, utadhani umezaliwa huko."

"Nasema tu."

"Na chai ya asubuhi je? Hawa wanasema hawapiki."

"Ukishuka tu pale kwenye kona kuna mama anauza mkate. Ila kuna siku hafungui, miguu inamsumbua."

Kicheko cha Batul kikakatika. Akaiweka simu juu ya meza.

"Redwan, habari ya miguu yake umeijuaje?"

Redwan alitema kokwa ya zeituni kiganjani, akaitazama kama kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Nimesoma. Siku hizi watu wanaandika kila kitu mitandaoni."

"Hata miguu ya muuza mkate?"

"Hata hiyo. Nipe chai, mke wangu, nimeshachelewa mkahawani, wenzangu wananisubiri."

Akanywa chai wima, akatoka.

Walikuwa wameoana miaka kumi, hapo hapo Tetuan. Redwan alikuwa fundi wa lifti, kazi ya kuitwa leo Tanja, kesho Agadir. Batul alikuwa akipima watu macho kwenye duka la miwani, na katika maisha yake yote hakuwahi kuvuka bahari. Jirani zake walikwenda Hispania na kurudi kama mtu anayekwenda sokoni. Yeye aliwatazama tu. Mwaka huu alisema basi.

"Sitaki dhahabu wala sherehe," alimwambia mumewe. "Nataka siku nne Gharnata, huko huko Hispania. Niingie kasri la Al-Hamra kwa miguu yangu, niguse ule ukuta, nirudi."

Redwan aliitikia, lakini aliitikia kama mtu anayemezeshwa dawa. Mara joto ni kali, mara feri zimejaa, mara kwa nini tusiende Uturuki kama wenzetu. Batul hakumjali. Akafuatilia visa, wakaenda kuchukuliwa alama za vidole, akakata tiketi za kuingia Al-Hamra, maana bila kuwahi unabaki getini unahesabu migongo ya watu. Usiku alilala na picha za mji ule kichwani.

Sasa alikaa peke yake sebuleni, chai inapoa. Alichukua simu, akatafuta habari za yule muuza mkate. Alisoma mpaka macho yakamuuma. Hakuna aliyeandika lolote kuhusu miguu ya mtu.

Kesho yake, alipotoka kazini, alipitia kwa mama mkwe kuazima begi la safari. Bi Zhor alikuwa uani, anachambua mnanaa mapajani.

"Karibu, binti yangu. Begi liko juu ya kabati hapo barazani, limejaa vumbi tu. Mnaondoka lini?"

"Visa ikitoka, Mama. Huenda wiki ijayo."

"Mungu awafikishe. Ila mwambie mumeo asiniletee shali nyingine. Ile ya kwanza yenyewe mpaka leo naogopa kuivaa."

Batul alikuwa ameinua mikono kulishusha lile begi. Mikono ikabaki juu.

"Shali gani, Mama?"

"Ile ya hariri, ya Gharnata."

"Ya Gharnata. Alikuletea lini?"

"Ule mwaka mvua iliponiangushia ukuta wa uani. Matope mpaka sebuleni, mimi nalia, yeye anaingia na shali ya hariri. Nikamwambia, mwanangu, ungeniletea saruji." Bi Zhor akacheka. Kisha akainua uso, akamwona mkwewe. Kicheko kikamfia mdomoni.

Mvua ile Batul aliijua. Hakuna mtu Tetuan aliyeijua kuliko yeye. Ndiyo mvua iliyokuwa ikipiga madirisha ya hospitali alipokuwa amelala na mimba ya miezi sita, moyo wa mtoto umenyamaza. Redwan alikuwa Agadir kwa kazi ya siku nne. Ndivyo alivyosema.

"Mama," Batul alisema polepole, "wakati ule mimi nilikuwa hospitali."

"Alisema unajua." Bi Zhor aliacha mnanaa ukamwagika. "Aliniambia, Mama, Batul anajua nilikokuwa, lakini usimtajie, utamtonesha kidonda. Nikanyamaza miaka yote. Leo nikadhani, maadamu mnakwenda pamoja, yamekwisha. Nisamehe, binti yangu. Mdomo wangu hauna mlango."

"Wewe hujakosa kitu."

"Kaa kwanza."

"Nitakaa nyumbani."

Alitoka bila begi. Hatua chache mbele simu ikalia. Ujumbe: "Pasipoti zenu ziko tayari. Tafadhali njooni mzichukue." Aliusoma, akausoma tena. Hizo ndizo habari alizozingoja mwezi mzima, na sasa zilikuwa kama salamu za mtu mwingine. Akamwandikia mumewe:

"Njoo nyumbani. Usipitie mkahawani."

Jibu likaja hapo hapo: "Kuna nini? Visa imetoka?"

"Njoo."

Kabla ya Batul alikuwepo Siham. Redwan alimchumbia wakiwa vijana, kisha wazazi wa Siham wakahamia Hispania naye, na uchumba ukafa. Hilo halikuwa siri. Redwan alimsimulia mapema kabisa, tena kwa mzaha, kama mtu anavyosimulia surua aliyougua utotoni. Batul hakuwahi kuuliza ni mji gani wa Hispania.

Redwan alipoingia alimkuta mkewe amekaa, mkoba mapajani, viatu bado miguuni.

"Siham bado anakaa kule juu, kwenye kengele?" Batul aliuliza.

Redwan alivuta kiti, akakosea, akakishika tena, akakaa.

"Mama amekwambia."

"Mama amesema shali tu. Siham nimebahatisha. Wewe ndiye uliyenithibitishia."

"Batul, nisikilize. Ilikuwa mara moja ile. Alinipigia, akasema anaolewa, akasema kabla hajaolewa tuonane. Nilikwenda kuaga."

"Kuaga kunachukua siku nne?"

"Hapana."

"Simu yako ulisema imetumbukia majini. Ilitumbukia?"

Redwan alitikisa kichwa.

"Sema kwa mdomo."

"Haikutumbukia."

"Kwa hiyo ujumbe wangu ulikufikia." Sauti ya Batul haikupanda. Alikuwa akisema kama mtu anayesoma herufi za mwisho ubaoni, zile ndogo. "Nilikuandikia, 'Redwan, natokwa na damu, baba ananipeleka hospitali, piga.' Ulikufikia?"

"Ulinifikia."

"Lini?"

"Asubuhi ile ile."

"Halafu nikakuandikia, 'Wanasema moyo wake haupigi. Njoo tafadhali.' Nao?"

"Nao."

"Ukarudi kesho yake jioni. Feri hazikuwepo?"

Nje mtu alikuwa akiburuta mkokoteni juu ya mawe, ukapita, ukaishia.

"Nakuuliza, baba yake marehemu. Feri hazikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Basi?"

"Alikuwa ameshapika." Redwan alifunika uso kwa viganja. "Nilimwonesha ujumbe. Akasema tule kwanza, halafu atanipeleka stendi. Tukala. Basi likaondoka. Nikasema kesho. Niliogopa, Batul. Wallahi niliogopa. Nilijua nikifika nitakukuta unalia, nami sina uso wa kukutazama."

Batul aliyangoja machozi, hayakuja. Kifuani palikuwa pakavu kama kisima kilichokufa.

"Mlikula nini?"

"Batul."

"Nimekuuliza."

"Samaki."

"Natumaini chumvi ilikolea."

"Usiseme hivyo. Tangu siku ile sijawahi kumwona tena, sijawahi hata kumpigia."

"Unajua kinachonichoma si Siham?" Batul alisema. "Ulirudi umelowa chapachapa. Ukapiga magoti kando ya kitanda changu ukalia kama mtoto, na mimi niliyeshonwa nikainuka kukufuta machozi. Nikakuomba radhi, Redwan. Nikasema nisamehe, mwili wangu umekupotezea mtoto. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Redwan alikishika kiti kwa mikono miwili.

"Ulisema umenisamehe."

Akasimama, akauweka mkoba begani. Redwan alijaribu kumshika mkono, akauachia mwenyewe kabla hajaambiwa, labda kwa jinsi ulivyokuwa wa baridi.

Batul alikwenda kwa baba yake, katika mji wa Martil. Mzee Abdeslam alifungua mlango, akamtazama bintiye usoni, akampisha. Hakuuliza. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na maisha yalikuwa yamemfundisha kwamba kuna habari zinazokuja zenyewe. Batul alimweleza siku ya pili, kwa sentensi mbili. Mzee akasikiliza, akavaa viatu, akaenda kutembea ufukweni mpaka magharibi.

Simu ya Batul haikutulia.

"Mke wangu, nipe nafasi nizungumze."

"Pasipoti nimezichukua zote mbili. Visa tumepata."

"Twende Gharnata kama tulivyopanga. Nitakueleza kila kitu huko, hatua kwa hatua. Sitaki nikupoteze."

Alizisoma zote, hakujibu hata moja. Kazini alipima macho ya watu, akawaambia watazame mbele, wasipepese. Alikuwa akilala mapema ili siku iishe. Kuna asubuhi aliamka akasahau, akawaza ni nguo gani zitafaa kwa ule upepo wa milimani. Halafu akakumbuka, na kukumbuka kule kulikuwa kubaya kuliko kuambiwa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mji wenyewe nao ulikuwa umekufa. Ule ukuta aliotamani kuugusa, sasa kila akiuwazia aliona watu wawili wamekaa mezani chini yake, na simu katikati ya sahani inawaka kwa jina lake.

Siku waliyopanga kuondoka, Redwan alikuja Martil. Alikuwa amenyoa, amevaa koti jipya, mabegi mawili yako miguuni pake. Batul alifungua mlango nusu.

"Teksi iko chini," Redwan alisema. "Tukitoka sasa tunawahi feri ya Sebta. Nimekufungia nguo, nimeweka na lile koti lako la kijani. Twende, Batul. Siku nne tu. Nitukane njia nzima kama unataka."

"Unipeleke nikaone nini? Meza mliyokalia?"

"Hatutapita hata mtaa ule. Tutakaa bondeni."

"Karibu na mto."

"Karibu na mto, ndiyo," Redwan alisema, na tumaini likamwingia usoni, maana mkewe alikuwa amejibu kwa upole.

Batul alimtazama. Alikuwa amekonda. Alimhurumia, na huruma ile ikamchosha kuliko hasira.

"Nitakuuliza swali moja. Ukilijibu, nitashuka na wewe hadi kwenye teksi."

"Uliza."

"Mtoto wetu alikuwa wa kike au wa kiume?"

Macho ya Redwan yakaenda ukutani, yakashuka sakafuni, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya ubao. Huko chini dereva alipiga honi.

"Hukuniambia," alisema hatimaye.

"Hukuuliza. Baba alimwosha, akamzika mvua ikinyesha. Hukuuliza ni nani, hukuuliza yuko wapi. Nikadhani ni uchungu, nikasema mwanaume naye ana namna yake ya kulia, nimwache. Nikakuacha miaka sita."

"Niambie sasa. Nakuomba."

"Alikuwa binti. Nilimpa jina."

"Jina gani?"

"Hilo ni langu."

Akafunga mlango. Hakuubamiza, aliusukuma tu mpaka kitasa kikalia, akabaki ameuegemea kwa mgongo.

Alimsikia Redwan akipumua upande wa pili. Kisha akasikia nyayo zinapanda ngazi, nzito, anazozijua tangu utoto. Baba yake alikuwa anatoka msikitini.

"Baba," sauti ya Redwan ilisema. Ilikuwa imepasuka. "Baba, kaburi liko wapi? Nioneshe, niende."

Mzee Abdeslam alisema kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Nilikusubiri uniulize, mwanangu. Kila Iddi ulipokuja hapa kunisalimia, nilijisemea leo ataniuliza, nimpeleke. Nilikuwa tayari siku yoyote. Sasa ruhusa si yangu. Muombe mama yake."

Redwan aligonga mlango. Aligonga taratibu, akaita jina la mkewe, akagonga tena. Kitasa kilikuwa pale pale mkononi mwa Batul. Hakukizungusha. Akangoja mpaka mabegi yakaanza kushuka, ngazi baada ya ngazi, na teksi ikaondoka.

Mzee aliingia, akavua viatu, akamkuta bintiye amekaa sakafuni. Kwa taabu ya magoti yake akakaa naye hapo hapo, bega kwa bega. Ndipo Batul alipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya shali, akalia hadi sauti ikakauka, na baba yake hakumwambia nyamaza.

Talaka ilipitishwa mwisho wa majira ya baridi. Redwan hakubisha kitu mahakamani. Walipotoka nje alimsogelea Batul, akataka kusema neno, akaona heri aondoke. Gharnata Batul hajaenda mpaka leo, na watu wakimwuliza anasema bahari inamtia kichefuchefu. Ila kila Ijumaa, yeye na baba yake wanapanda makaburini na chupa ya maji na tawi la mihadasi, nao wakifika kwenye kile kijiwe kidogo, Batul hutangulia kumwita binti yake kwa jina, polepole, asisikie mtu mwingine.