Saa ya Mwenye Kinu

Mfaume alijisikia akikoroma, na hali yu macho.

Alikuwa amelala chali nyumbani kwake Temeke, macho kayatoa kama samaki wa sokoni, akiyaona makuti ya paa moja moja. Kwanza alidhani ni mkewe. Alitaka amguse kwa kiwiko ajigeuze ubavu, lakini kiwiko hakikutii. Tunu mwenyewe alikuwa ameketi kitandani na koroboi mkononi, anamtazama.

"Baba Zuena," alinong'ona, "mbona unakoroma macho wazi?"

Mfaume hakuwa mtu wa kukosa jibu. Alikuwa amepiga koleo la makaa melini mpaka Adeni na Bombei, akarudi na suruali moja, kovu moja na maneno yasiyokwisha. Angemwambia kwamba ndivyo wanavyolala mabaharia, jicho moja kwa dhoruba na la pili kwa serengi, msimamizi wao. Lakini ulimi haukuwa wake. Kinywa kilikuwa na shughuli nyingine: kilivuta pumzi ndefu, nzito, yenye harufu ya mashudu ya ufuta yaliyochacha, kikaiachia polepole kwa raha zake. Kuna mtu alikuwa amelala mle ndani, tena usingizi wa kushiba. Ila si Mfaume.

Alfajiri mwili ulijinyoosha, ukapiga mwayo, ukarudishwa kwa mwenyewe. Akaoga, akaenda kazini. Hakuwa amepata hata lepe.

Cha kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba yote haya yalianza kwa kutafuta mapumziko.

Mfaume alifanya kazi katika kinu cha mafuta cha Mzee Fakihi, kule Mtoni. Kinu chenyewe kilikuwa gogo kubwa lililochimbwa, mchi ndani yake, na boriti ndefu iliyofungwa kwenye mchi, ikivutwa na ngamia mzee. Ngamia alifungwa kitambaa machoni asijue kwamba haendi popote. "Mwenzangu kabahatika," Mfaume alizoea kusema. "Mie wananizungusha hivi hivi naona."

Ilikuwa miaka ya vita ya Hitla. Mafuta ya taa hayakuonekana, sabuni ilikuwa ya kubembeleza, na kila mwenye koroboi au nguo chafu alikuwa akimlilia Mzee Fakihi. Kazi ilianza kabla ya jua, ikaisha baada ya magharibi. Zuena, binti yake Mfaume, alikuwa wa miaka miwili. Baba akiondoka, mtoto kalala. Akirudi, mtoto kalala. Siku moja ya Idi Zuena alimwona mchana kweupe, akajificha nyuma ya kanga ya mama yake. "Mama," akasema, "mgeni."

Mfaume aliisimulia hadithi hiyo Temeke nzima, watu wakashika mbavu. Kisha akaenda uani peke yake, akakaa huko muda mrefu kuliko haja iliyompeleka.

Basi akabuni jambo. Pale kinuni palikuwa na desturi moja iliyowekwa na marehemu baba yake Fakihi: jua likifika utosini, ngamia afunguliwe, boriti iachwe, na mtu yeyote asiiguse mpaka watu warudi kutoka sala ya adhuhuri. Ukiuliza kwa nini, uliambiwa saa ile ni ya mwenye kinu. Watu walidhani maana yake ni tajiri.

"Mzee," Mfaume akamwambia Fakihi, "mie saa hiyo ya adhuhuri naila kwa usingizi bure, na nyumbani ni mbali, siwezi kwenda na kurudi. Niache niifanyie kazi. Wewe nawe uniachie alasiri, nikamwone mwanangu angali macho."

Fakihi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wateja mlangoni. Akatazama jua, akakuna ndevu. "Marehemu angekataa," akasema.

"Marehemu hakuwa na Hitla."

"Haya. Ila usinitangaze."

Albano, Mmakonde wa Newala aliyekuwa akipepeta ufuta, aliweka ungo chini. "Mie simo. Kwetu hakuna vinu vya ngamia, lakini mtu mzima akiniambia hii saa ina mwenyewe, mie naiacha."

"Unaogopa, kaka?"

"Sana. Ndiyo maana ningali mnene."

Adhuhuri ya kwanza ngamia aligoma. Alipiga magoti, akalala, hakuinuka kwa fimbo wala kwa kubembelezwa. Mfaume akaishika boriti mwenyewe, akasukuma. Akaona mambo mawili. Kinu kile, ambacho mlio wake ulisikika mpaka kisimani, kilizunguka kimya. Na ule mti ulikuwa na joto, si joto la jua, maana ulikuwa kivulini, bali joto la kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Siku nne alirudi nyumbani alasiri. Siku nne Zuena alipanda mgongoni kwake, akamvuta masikio, akamwita baba. Siku ya tano Fakihi akamwambia, "Leo tu nisaidie, ndugu yangu, watu wamejaa." Ya sita ikawa leo tu. Ya saba Fakihi hakusema kitu, na Mfaume hakuuliza. Saa ya adhuhuri ilikwenda, ya alasiri haikurudi.

Ndipo ukaja ule mkoromo.

Usiku wa pili ulikuwa kama wa kwanza, na wa tatu vilevile. Kufika wa saba Mfaume alikuwa amejua namna yule mtu alivyopenda kulala: alijikunja upande wa kushoto, akasagasaga meno, akacheka kidogo usingizini, naye Mfaume akabanwa mahali nyuma ya macho yake mwenyewe kama mpangaji aliyesukumiwa stoo, anasikia jogoo, anasikia mbwa wa jirani, anasikia mkewe akilia kwa kujiziba mdomo, na hawezi kunyanyua hata kidole kumwambia nipo, mama Zuena, mie nipo humu.

Mchana akawa anagongana na milango. Tunu alimshika mkono, akampeleka Keko kwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mganga mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuuzia vitumbua. Alimfunika Mfaume shuka jeupe, akaweka chetezo cha ubani chini yake, akasoma alichokisoma. Jicho la Mfaume likalegea. Kidevu kikashuka kifuani. Chini ya shuka ukatoka mwayo mrefu, mrefu mno kwa mapafu ya mtu mmoja, na harufu ya mashudu ikaumeza ubani wote chumbani.

"Nani wewe?" Bi Somoe aliuliza.

"Aliyeamshwa," ikajibu sauti. Ilikuwa na adabu, na usingizi mwingi.

"Karibu. Sema unachotaka. Halua? Marashi? Pete?"

"Nataka mnyamaze."

Bi Somoe alimtazama Tunu. Miaka thelathini ya uganga, hakuwahi kuagizwa kimya. "Umemfuatia nini huyu?" akauliza, na sasa sauti ya vitumbua ilikuwa imepungua.

"Sikumfuata. Ule mti ndio kitanda changu. Baba yake Fakihi alinikuta pale, tukapatana: siku nzima mtauzungusha, nitavumilia makelele yenu, ila jua likiwa utosini nilale. Saa moja. Huyu akaja akaiuza saa yangu, na mie sikuwapo kwenye mazungumzo." Sauti ikacheka taratibu. "Atakayenitoa kitandani, nitalala ndani yake."

"Na yeye alale wapi?"

"Yeye?" Shuka lilitikisika kwa kicheko. "Yeye ana kazi."

Fakihi akaitwa. Alikuja na jasho mpaka kwenye kofia, akaapa mbele ya Bi Somoe kwamba boriti haitaguswa tena saa ile. Adhuhuri ya siku iliyofuata kinu kilisimama, na huko Temeke Mfaume akahisi kitu kikitoka kifuani mwake polepole, kama mgeni mzee anayetafuta viatu gizani. Akalala siku mbili. Alikoroma mwenyewe, vibaya vibaya, na Tunu akaona hajapata kusikia sauti nzuri kama ile.

"Boriti ile usiiguse tena hata kwa kidole," Bi Somoe alimwonya. "Amekwisha kujua njia ya kuingia kwako."

"Nitafuma makuti," Mfaume alisema. "Kazi ya kukaa. Nimetembea vya kutosha maisha yangu, na nyingi ya safari zile zilikuwa za mduara."

Siku ya tatu alikwenda Mtoni kumuaga Fakihi na kuchukua msuli wake aliouacha pale. Tunu alisema atamfuata na mtoto, wapitie kwa shangazi. Jua lilikuwa utosini Mfaume alipolifikia lango, na pale langoni alimkuta Albano, ungo kifuani kama ngao.

"Rudi," Albano alinong'ona. "Jana walikuja watu wa sabuni, wakagomba. Mzee akaona aibu kuwarudisha mikono mitupu, akakivunja kiapo. Ngamia aligoma, mzee akaishika boriti mwenyewe. Tangu jana adhuhuri, Mfaume. Hajaachia."

Ndani hapakuwa na sauti yoyote. Ngamia alikuwa amelala pembeni, amefunguliwa kitambaa, anacheua. Mzee Fakihi alikuwa akizunguka. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya boriti, kofia imeanguka, na mchanga wa njia yake ulikuwa umelowa kwa miguu yake. Ufuta ulikwisha kinuni tangu usiku. Mchi ulikuwa unasaga mti mtupu.

"Mfaume, ndugu yangu," alisema alipopita. Akazunguka nyuma ya kinu, akatokea tena. "Nishikie kidogo. Kidogo tu. Ninywe maji."

"Achia, Mzee."

"Nikimaliza duara hili."

Mfaume alikumbuka onyo, akaweka mikono nyuma. Alitupa jiwe kubwa njiani; boriti ililisukuma kama kokwa la embe. Alifunga kamba kwenye nguzo ya banda, akarusha kitanzi kwenye ncha ya ule mti bila kuugusa. Kamba ikakazika, ikalia, ikakatika, na nguzo ikainama. Albano alikuwa amekwisha kukimbia kumwita Bi Somoe, na Keko si karibu. Kisha goti la Fakihi lilivunjika nguvu, akaanguka, lakini mikono haikuachia, akawa anaburutwa kifua chini na kichwa chake kikisogea kila hatua kuelekea kwenye gogo ambamo mchi unapita. Mfaume alimdaka kiunoni, akavuta, akavuta tena, vidole vya mzee viliganda pale kama vimeota, na katika hatua mbili zilizobaki aliona wazi kabisa anachotaka kukifanya, akaona Temeke, akaona makuti aliyopanga kufuma amekaa mlangoni na mtoto anamvuta masikio, akasema moyoni mkono mmoja tu, dakika moja, nimtoe mzee wa watu halafu niende zangu, akaweka mkono.

Vidole vya Fakihi vikafunguka papo hapo. Mzee alibiringika kwenye mashudu, akalala. Usoni alikuwa na amani ya mtoto aliyenyonya.

Ule mti ulikuwa na joto.

Mfaume alijaribu kuuondoa mkono, na badala yake mkono wa pili ukaja kumsaidia mwenzake. Miguu ilianza. Nyuma ya macho yake, mahali pale pa stoo, mtu alijinyoosha kwa raha akavuta shuka. Duara moja, la pili, la kumi, na kila duara lilipita mbele ya lango, ambapo kwa hatua moja tu mtu aliweza kuiona barabara ya Temeke, nyeupe, tupu, inaondoka bila yeye, kisha ukuta, kisha gogo, kisha ngamia aliyemtazama bila haraka, kisha lango tena na barabara tena, na adhana ya adhuhuri ikapita, na vivuli vikaanza kurefuka upande wa pili, na bado mwili haukuchoka wala haukusimama.

Duara moja kabla ya adhana ya alasiri, barabarani palikuwa na mtu.

Duara lililofuata alikuwa Tunu, mtoto mbavuni.

Duara lililofuata alikuwa langoni. "Baba Zuena? Si umesema unakuja kuaga tu?"

Usiingie, Mfaume alipiga kelele. Chukua mtoto ukimbie, usinihurumie, usinishike. Alipiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na yote yaliishia nyuma ya macho, katika giza lile dogo.

Kinywa chake kilifunguka chenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Mfaume, yenye mzaha wake na mahaba yake, na usingizi kidogo kwa chini.

"Mama Zuena, mke wangu," ilisema. "Nishikie kidogo tu."

Tunu aliitazama miguu ya mumewe. Akamweka mtoto chini, akakaza kanga kiunoni.